Shilingi Sawa, Huduma Tofauti

Kwa miongo mingi, mtu wa Marsabit au Moyale, kaskazini mwa Kenya, aliyepanda lori la ng'ombe kuelekea kusini aliwaaga jamaa zake kwa kusema anakwenda Kenya. Alikuwa akisema alichokiona. Kabla ya lami ya kutoka Isiolo hadi Moyale kukamilika katika miaka ya 2010, safari hiyo ilimlaza njiani, na mvua ikinyesha hakuna aliyejua atafika lini. Alikotoka aliijua serikali kwa sura ya chifu, askari na kizuizi cha barabarani. Daktari, mwalimu wa hesabu na maji ya bomba vilikuwa vya huko alikokwenda.

Jangwa peke yake halikuleta hali hiyo. Sheria za kikoloni, kuanzia ile ya mwaka 1902 kuhusu wilaya za pembezoni, ziliifanya kaskazini kuwa nchi ya kuingia kwa kibali. Baada ya uhuru vikazuka vita vya shifta, wapiganaji waliotaka kaskazini ijitenge, na hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1963 haikuondolewa hadi 1991. Katikati ukaja Waraka wa Bunge Nambari 10 wa mwaka 1965, uliotayarishwa Tom Mboya akiwa Waziri wa Mipango ya Uchumi. Waraka ule ulisema fedha za maendeleo ziwekwe kwanza palipo na ardhi nzuri, mvua, reli na watu walio tayari kupokea mabadiliko, kwa kuwa hapo zitazaa haraka, kisha faida igawiwe wengine.

Wengi husimulia habari za waraka huo kana kwamba uliandikwa kwa chuki. Sidhani hivyo. Nchi ilikuwa changa, fedha chache, na hoja yake ilikuwa na mantiki ya mfanyabiashara. Tatizo ni kwamba hakuna popote palipoandikwa ni lini faida hiyo ingegawiwa, na nani, wala kwa kipimo gani. Palipowekwa shule pakatoa wasomi, wasomi wakapata vyeo, wenye vyeo wakajua mlango wa kubisha ili shule ya pili ijengwe. Kila mwaka takwimu zilionyesha kwamba fedha zinazaa zaidi Kiambu kuliko Wajir, na kila mwaka takwimu hizo zikawa sababu ya kuipa Kiambu zaidi.

Katiba ya 2010 ilikusudiwa kuukata mzunguko huo. Kifungu cha 43 kikataja afya, makazi, chakula, maji safi, hifadhi ya jamii na elimu kuwa haki za kila mtu. Kaunti 47 zikaundwa, zikapewa hospitali, zahanati, maji, chekechea na barabara za mashinani, pamoja na mgao usiopungua asilimia 15 ya mapato ya taifa yaliyokaguliwa. Mwaka wa kwanza, 2013/14, kaunti zilipewa shilingi bilioni 190. Kufikia 2021/22 mgao huo ulikuwa bilioni 370.

Matunda yalionekana, na ni uongo kusema vinginevyo. Miji ya Wajir na Mandera ilianza kupata lami ya mjini. Zahanati zikachipuka vijijini. Kitaifa, uzazi hospitalini, uliokuwa asilimia 61 katika utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2014, ulifika asilimia 82 katika ule wa 2022. Lakini utafiti huohuo wa 2022 ulionyesha Turkana na Mandera zikipita nusu kwa kiasi kidogo tu. Pengo lilipungua bila kuzibika, na kinachonishughulisha hapa ni pale linapogoma.

Tuanze na hesabu ya mgao, kwa sababu ndiyo iliyowapigisha watu kelele zaidi. Kanuni ya kwanza ya Tume ya Ugavi wa Mapato iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 45, fungu la sawa kwa kila kaunti 25, umaskini 20, ukubwa wa eneo 8, na nidhamu ya fedha 2. Mwaka 2020, kanuni mpya ilipofika mbele ya Seneti, nyumba ile iligawanyika vipande. Maseneta wa kaunti zenye watu wengi walidai kwamba mkaazi wa Nakuru analipa kodi kama mwingine, na foleni ya hospitali yake ni ndefu kuliko ya Lamu. Wa kaskazini na pwani wakaona fungu lao linayeyuka. Vikao vikavunjika kimoja baada ya kingine, hadi Septemba wakakubaliana kwamba kanuni mpya ingoje mgao mzima uongezwe ili kaunti yoyote isipoteze hata senti. Wakati huo ndipo msemo wa mtu mmoja, kura moja, shilingi moja ulipopata wafuasi.

Msemo huo unavutia masikioni, na una chembe ya haki ndani yake. Udhaifu wake unajitokeza ukichukua kalamu. Chora duara la kilomita tano kuzunguka zahanati, yaani umbali ambao mama mjamzito anaweza kuutembea kwa taabu na kurudi siku hiyohiyo. Duara hilo lina kilomita za mraba kama 78. Kwa sensa ya 2019, Kiambu ilikuwa na watu 2,417,735, karibu 950 kwa kilomita ya mraba, kwa hiyo ndani ya duara hilo wamo zaidi ya watu 70,000. Marsabit ilikuwa na watu 459,785 katika eneo ambalo ni kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikiunganishwa, watu wasiofika saba kwa kilomita ya mraba. Ndani ya duara lilelile wamo kama 500. Na hao 500 ni wa kwenye karatasi, maana wengi ni wafugaji. Malisho yakiisha, zahanati inabaki na mlinzi wake.

Sasa ulipie zahanati mbili hizo. Kila moja inataka muuguzi, jokofu la chanjo, umeme wa kuliendesha na gari la kuleta dawa. Ile ya Kiambu itakuwa na kazi hadi usiku, na gharama kwa kila mgonjwa itakuwa ndogo. Ile ya Marsabit itapokea wazazi wachache kwa mwezi, na mkaguzi wa hesabu atauliza kwa nini fedha zinapotea. Hazipotei. Ndiyo bei ya huduma ileile mahali penye watu wachache. Anayesema shilingi moja kwa kila mtu anasema, pengine bila kujua, kwamba mtu wa Marsabit apewe huduma pungufu. Ukubwa wa eneo ulipewa asilimia 8 katika kanuni ya kwanza, na asilimia 8 tena katika ile ya 2020.

Shule zina hesabu ileile. Elimu ya msingi bila malipo, iliyoanza Januari 2003, ilijaza madarasa; idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 6 hadi milioni 7.2 kwa mwaka mmoja. Serikali ililipa shilingi 1,020 kwa kila mtoto, popote alipo. Shule ya watoto 1,200 mjini Thika hununua chaki na vitabu kwa jumla na kubakiza cha kukarabati choo. Shule ya watoto 80 karibu na Ziwa Turkana hupokea fungu ambalo halitoshi kuajiri mpishi na mlinzi, achilia mbali nauli ya kuvifuata vitabu.

Hata hivyo, hoja ya mgao ina mwisho wake, na wanasiasa wa kaskazini hawapendi kuufikia. Katika miaka ya kwanza ya ugatuzi, Turkana na Mandera zilikuwa miongoni mwa kaunti zilizopata mafungu makubwa kabisa nchini. Fedha zilifika. Zikafanya nini? Sehemu ilimezwa na pengo la miaka hamsini, na pengo la namna hiyo halijazwi kwa bajeti tano. Sehemu iliingia kwenye ofisi, makazi ya viongozi, magari na safari, kama ilivyokuwa Kisumu na Machakos. Na sehemu kubwa ikawa saruji. Jengo lina utepe wa kukatwa, lina jiwe la kuandikwa jina la gavana. Mshahara wa muuguzi hauna utepe, na unadaiwa kila mwezi hata baada ya gavana kuondoka.

Hiyo ndiyo sehemu ninayodhani tumeielewa vibaya kuliko zote. Tumezoea kuuliza nani amejengewa, na kuacha swali la nani atakuwa pale Jumanne ya kawaida mwaka wa saba baada ya ufunguzi. Mwaka 2015 serikali kuu ilikodi mitambo ya hospitali kwa mkataba wa mabilioni, hospitali mbili kila kaunti zipewe vifaa vya upasuaji, figo na eksirei. Kwa karatasi ulikuwa usawa usio na dosari: kila kaunti mbili, hakuna aliyependelewa. Kamati ya Seneti ilipokwenda kuchunguza ilikuta baadhi ya mashine zimekaa kwa kukosa wataalamu, umeme au maji, huku kaunti zikikatwa malipo yaleyale.

Turkana ilipata somo lake la kipekee. Septemba 2013 ilitangazwa kwamba chini ya bonde la Lotikipi kuna hifadhi kubwa ya maji, na magazeti yakaandika habari za ukame kumalizika. Maji yalipopimwa yakaonekana kuwa na chumvi nyingi mno kwa kunywa bila kusafishwa kwa gharama kubwa. Wakati wa msisimko ule, visima vya kawaida vya vijijini viliendelea kufa kwa kukosa vipuri vya pampu na fundi wa pikipiki wa kuvizungukia. Fundi huyo ni mshahara mdogo, na hakuna mkutano wa wahisani utakaofanyika kwa ajili yake.

Watu ndio huduma, na watu hawapelekwi kama mifuko ya saruji. Walimu wa sekondari wa kaskazini mashariki kwa muda mrefu wametoka bara. Novemba 2014 magaidi wa al-Shabaab walisimamisha basi karibu na mji wa Mandera wakaua abiria 28, na wengi wao walikuwa walimu na watumishi wa umma waliokuwa wakienda likizo. Walimu wakakimbia, na hakuna mwenye haki ya kuwalaumu. Januari 2020, walimu watatu walipouawa Kamuthe, Garissa, Tume ya Huduma kwa Walimu ikawahamisha wale wasio wenyeji kutoka sehemu kubwa ya kaskazini mashariki. Madarasa yakabaki na vijana waliomaliza kidato cha nne, wakilipwa na wazazi, na mwisho wa mwaka mtoto wa Mandera akakalia mtihani mmoja na mtoto wa Nyeri.

Kuna wanaosema posho ya mazingira magumu iongezwe. Iongezwe, ila posho haimkingi mtu risasi, wala haimfanyi anayehesabu siku za kuhama awe mwalimu mzuri. Njia nyingine ni kuwafunza wenyeji, na hapo hutokea ubishi: kwa sababu shule ni dhaifu, vijana wachache hupata alama za kuingia chuo cha ualimu, na wakipunguziwa alama watu wa bara hulalamika kwamba viwango vinashushwa. Mimi naona malalamiko hayo ni ya mtu ambaye mwanawe ana mwalimu. Kijana wa Wajir aliyepata alama pungufu, akafunzwa mwaka mmoja zaidi kisha akafungwa na mkataba wa kufundisha nyumbani, ana manufaa kuliko mwenye alama nzuri asiyekuwepo. Kwa upande wa afya mwelekeo huo umeanza: vyuo vya utabibu vya Garissa na Lodwar vinatoa wauguzi wa kwao, na Septemba 2023 wahudumu wa afya ya jamii 100,000 walizinduliwa nchini kote wakiwa na mikoba ya vifaa. Posho yao ya shilingi 5,000 kwa mwezi imegawanywa nusu kwa nusu kati ya serikali kuu na kaunti, mpango unaompa kila mmoja nafasi ya kumsingizia mwenzake inapochelewa.

Dawa inayopendwa na wanasiasa kuliko zote ni kufuta ada. Uzazi wa bure katika vituo vya umma ulianza Juni 2013, na ulisaidia sana mahali ambapo kituo kipo na tatizo lilikuwa pesa. Mandera, ambako makadirio yaliyotokana na sensa ya 2009 yalionyesha vifo vya akina mama 3,795 kwa kila vizazi hai 100,000, tatizo la kwanza lilikuwa kilomita. Kadhalika bima. Tangu Oktoba 2024, mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75 kwa ajili ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, na asiye na mshahara hupangiwa kiasi kulingana na hali yake. Bima hulipa hospitali kwa matibabu yaliyotolewa. Palipo na hospitali na daktari, madai yatatumwa na fedha zitakwenda. Pasipo na kitu hakuna cha kudai. Fedha zilizokusanywa kwa wote zitakusanyika tena Nairobi, Eldoret na Mombasa, na hakuna atakayekuwa amevunja sheria yoyote.

Kabla ya yote hayo kuna mlango mmoja ambao wachambuzi wa bajeti husahau: kitambulisho. Bila hicho hujiandikishi bima, hupati mkopo wa chuo, hufungui akaunti ya huduma za serikali mtandaoni. Kwa miongo mingi kijana wa Garissa au Mnubi wa Kibera aliitwa mbele ya kamati ya wazee na maafisa kuthibitisha kwamba ni Mkenya, jambo ambalo mwenzake wa Murang'a hakuwahi kulisikia. Februari 2025 rais alitia saini agizo huko Wajir la kuondoa uchunguzi huo. Ila lipo kundi ambalo kisa chake kinasema kuliko ripoti nyingi. Wakati wa ukame, Wakenya wenye asili ya Kisomali walioishi jirani na kambi za wakimbizi za Dadaab walijiandikisha kambini kama wakimbizi, kwa kuwa kambini palikuwa na chakula, zahanati na shule, na vijijini kwao hapakuwa. Walipokwenda kuomba vitambulisho, alama za vidole zikaonyesha kwamba ni wakimbizi, wakanyimwa. Raia aliona kuwa mkimbizi katika nchi yake kuna huduma bora kuliko kuwa raia.

Isidhaniwe kwamba pengo hili linafuata ramani ya kaskazini na kusini tu. Mkaazi wa Mukuru kwa Njenga ananunua maji kwa mtungi wa lita 20, na kwa lita moja analipa zaidi ya mwenye bustani Runda anayefunguliwa bomba la kampuni ya jiji. Hospitali kubwa anaiona kwa macho. Umbali wake haupimwi kwa kilomita. Unapimwa kwa foleni, nauli na siku ya kibarua iliyopotea. Wastani wa Nairobi, ambako umaskini ulikadiriwa kuwa asilimia 16.7 mwaka 2015/16 dhidi ya asilimia 79.4 ya Turkana, unamfunika kabisa.

Tanzania iliianza safari hii kutoka upande wa pili. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, serikali ilishika huduma kwa mkono wa kati: mwaka 1971 ikaweka lengo la maji vijijini ndani ya miaka 20, mwaka 1972 ikaleta Madaraka Mikoani na kuziondoa halmashauri, na Azimio la Musoma la 1974 likataka kila mtoto awe shuleni kufikia 1977. Mwalimu wa Bukoba alipangiwa Mtwara akaenda, na watoto wakasoma. Kwa kueneza, Kenya ya wakati huo haikufua dafu. Lakini baada ya vita vya Uganda na mdororo wa uchumi, pampu zilisimama kwa kukosa dizeli na vipuri, walimu wa haraka walioajiriwa kwa ajili ya mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote (UPE) wakaachwa bila mafunzo ya kutosha, ada zikarudi. Halmashauri zilirejeshwa katika miaka ya 1980, ada ya msingi ikafutwa tena 2001, ya sekondari hadi kidato cha nne mwaka 2016. Nchi moja iliamini serikali kuu, nyingine sasa inaamini kaunti, na zote mbili zimekwama kwenye gharama ya kila mwezi isiyozinduliwa na mtu.

Kwa Kenya, chombo kilichotungwa hasa kwa ajili ya kuziba pengo ni Hazina ya Usawazishaji, Kifungu cha 204. Lengo lake limeandikwa kwa uwazi usio wa kawaida katika katiba: maji, barabara, vituo vya afya na umeme vya maeneo yaliyotengwa vifikishwe, kadiri inavyowezekana, kwenye kiwango kinachofurahiwa kwa jumla na nchi nzima. Fedha zake ni nusu ya asilimia moja ya mapato ya kila mwaka. Ukiviangalia vitu vinne hivyo utaona vyote ni vya kujengwa. Hakuna hata kimoja kinachopokea mshahara. Na hata hivyo vya kujengwa vilichelewa. Fedha zilizotolewa zilibaki nyuma sana ya ile nusu asilimia, kaunti zikaishtaki serikali kuu juu ya nani azisimamie, Mahakama Kuu ikatoa uamuzi 2019, na kanuni mpya zikaja 2021.

Sera ya kwanza ya hazina hiyo ilizitaja kaunti 14, nyingi za kaskazini na pwani. Ya pili, ya 2018, ikaacha kaunti ikashuka hadi kata ndogo, ikapata maeneo 1,424 katika kaunti 34. Kitaalamu ni sahihi, maana umaskini hauheshimu mipaka ya kaunti. Kwa Turkana maana yake ni kugawana sahani ileile na wageni ishirini zaidi.

Hazina hii ina tarehe ya kufa. Kifungu chenyewe kinakoma miaka 20 tangu katiba ianze kutumika, yaani Agosti 2030. Bunge linaweza kukiongezea muda, ikiwa zaidi ya nusu ya wabunge wote wa Bunge la Taifa na zaidi ya nusu ya ujumbe wa kaunti katika Seneti watakubali. Katika Seneti hiyo ni kaunti 24. Kaunti 14 za sera ya kwanza zisingefika peke yao. Zile 34 zinafika na kubakiza kumi, endapo kila moja itahesabu kata zake chache za pembezoni kuwa na thamani ya kura yake. Wabunge watakaopiga kura hiyo wanachaguliwa 2027, na hadi sasa sijasikia mgombea hata mmoja akiulizwa jukwaani ataipigia vipi.